Ukoko wa Popi

Ukoko wa ugali ukiungua kidogo una harufu yake. Ni harufu ya jikoni kwetu Makole saa nane mchana, sufuria limeinamishwa, mimi nimechuchumaa na kijiko cha bati nakwangua. Wiki chache zilizopita nilikuwa nakwangua sufuria hivyo hivyo, nyumbani kwangu, mtu mzima na watoto wangu, nikajikuta siutupi ule ukoko. Nikauvunjavunja, nikauanika juu ya ungo, jioni nikautia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mume wangu alisimama mlangoni akinitazama.

"Wa nini huo?"

"Wa mbwa."

"Mbwa gani? Sisi tuna mbwa?"

Nikamwambia atulie, atajua tu. Wanaume wana haraka ya majibu.

Mbwa niliyekuwa nikimfikiria alikufa zamani. Jina lake Popi. Usicheke, enzi zetu kila mbwa mdogo aliitwa Popi, na akikua akawa mkali ndipo anapandishwa cheo anaitwa Simba. Wa kwetu hakuwahi kufika kwenye Simba.

Baba alimleta ndani ya boksi la sabuni kwa sababu kuku wetu walikuwa wanaibiwa. Baba yangu alikuwa karani wa serikali, mtu wa mafaili, na aliamini kila tatizo lina utaratibu wake: kuku wanaibiwa, leta mbwa. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na yeye aliamini kila kiumbe kinafundishika. Alichungulia ndani ya boksi, akasema, "Isipokuwa hiki." Popi alikuwa na rangi ya vumbi la Dodoma, ile ile kabisa, kiasi kwamba akilala uani unaweza kumkanyaga. Masikio yake yalikuwa makubwa kuliko kichwa. Nilikuwa na miaka tisa, sikuwa na mdogo wala mkubwa wangu, na nikaamua siku ile ile kwamba huyu ni wangu.

Tatizo la Popi lilikuwa moja: alipenda watu. Mbwa wa kulinda kuku anatakiwa awe na roho mbaya kidogo. Huyu, mgeni akiingia, alimkimbilia, akamrukia, akamwekea miguu ya matope kifuani na kumlamba mpaka kwenye kiwiko. Alimrukia muuza mboga. Alimrukia mchungaji wetu akiwa na suti. Halafu, Ijumaa moja, akamrukia Mama Zuhura.

Mama Zuhura alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mtu mzima kuliko mama, Mwislamu wa swala tano. Alikuwa amesimama getini kwetu kuomba chumvi, nguo yake nyeupe imenyooshwa, anajiandaa kwenda msikitini. Popi akamlamba mkono, akafuta miguu yake yote miwili ya mbele kwenye ile nguo. Mama Zuhura hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja, akajitazama, akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi:

"Mama Tabi, mimi na mbwa wenu hatuna ugomvi. Lakini nguo hii nilikuwa naenda kuswalia."

Mama alitamani ardhi ipasuke. Aliifua ile nguo kwa mikono yake, mara saba, moja kwa udongo, kama Mama Zuhura alivyomwelekeza, na kila alipoisuuza alinitazama mimi. Alipomaliza kuianika akaniita.

"Tabitha." Akiniita jina zima ujue kuna kesi. "Mpaka shule zitakapofunga. Mgeni akiingia, huyu mbwa akae chini, atulie. Asipojifunza, anakwenda Mvumi kwa babu yako. Sitarudia."

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, kwa sababu babu wa Mvumi alikuwa hanipendi.

Ushahidi ninao, nilijiambia. Babu yangu, baba yake baba, alikuwa fundi seremala wa zamani, mzee mrefu asiyecheka ovyo. Kila tulipokwenda kwake kusalimia, nilipiga goti kama mama alivyonifundisha, nikasema "Shikamoo babu," na yeye hakuitika. Alikuwa amekaa na tezo lake anachonga mpini wa jembe, hakuinua hata kope. Watoto wenzangu mtaani walikuwa na mababu waliowaita "mke wangu", wakawatania kwamba watawaoa, wakawapa karanga mfukoni. Wangu hata marahaba hakunipa. Na nilikuwa nimeshamsikia baba akimfokea. Walikuwa wakikaa pamoja barazani, baba anapaza sauti mpaka mishipa ya shingo inamtoka, babu amenyamaza. Nikahitimisha kwamba babu ni mtu mbaya, tena mbaya kiasi cha kufokewa na mwanawe mwenyewe. Sasa mtu anayemnyima mtoto marahaba, mbwa atamfanya nini? Niliwaza hivyo usiku na mchana. Kwangu mimi Mvumi ilikuwa hukumu ya kifo.

Basi nikaanza masomo. Kila mchana baada ya chakula nilikwangua ukoko, nikajaza mfuko wa sketi ya shule, nikamwita Popi uani. "Kaa!" Popi akanirukia. "Kaa!" Akanusa mfuko. Nikamkandamiza kiuno akae. Nikiondoa mkono, huyo kasimama, mkia unapigapiga kama feni. Wiki nzima. Mama alikuwa akisahihisha madaftari dirishani, anatazama. Siku moja nilikaa chini mwenyewe nikalia, na Popi akaja kunilamba machozi, maana chumvi alikuwa anaipenda.

Nilichofanya baadaye sikukipanga. Wageni walikuwa wanakuja kila siku, na kazi yangu ilikuwa kumzuia Popi asiwarukie. Lakini kazi yangu nyingine, ambayo kwa mama haikuwa na likizo, ilikuwa kusalimia kwa heshima: goti chini kidogo, macho chini, shikamoo. Kwa hiyo mgeni akiingia nilifanya yote mawili kwa pamoja. Mkono wa kushoto namkandamiza Popi kiuno, goti linashuka, mdomo unasema "Shikamoo," na mgeni akishapita ndani namtupia Popi ukoko kwa kusubiri. Mgeni baada ya mgeni. Siku baada ya siku. Mimi nilidhani namzuia tu.

Nilikuja kugundua kwenye bomba la maji. Nilikuwa nimepanga ndoo yangu kwenye foleni, Popi anazurura ng'ambo ya barabara. Nikamwita, akaja anakimbia. Akiwa katikati ya barabara, mtoto mmoja nyuma yangu akamwambia mama aliyekuwa akipita, "Shikamoo mama." Popi akakaa. Pale pale, katikati ya barabara, matako chini, masikio juu, ananitazama mimi na mfuko wangu. Baba mmoja aliyekuwa amepakia magunia mawili ya mkaa kwenye baiskeli alimkwepa, akayumba, gunia moja likaenda chini.

"We mtoto! Mbwa wako ana wazimu?"

Popi alikuwa ameshasimama anakuja kwangu. Mimi kwa hofu nikapiga goti, "Shikamoo baba, samahani baba," na Popi akakaa tena, mguuni pa yule mtu. Yule mtu akamtazama, akanitazama, hasira ikamwisha. "Haya, marahaba," akasema. "Marahaba ninyi wawili." Tukamsaidia kupandisha gunia lake.

Nilikimbia nyumbani na ndoo nusu. Jioni baba aliposhuka tu kwenye baiskeli yake nikamwambia, "Baba, tazama. Shikamoo baba!" Popi chini. Baba akadhani ni bahati. Akajaribu mwenyewe, "Shikamoo Popi," karani mzima wa serikali anamwamkia mbwa, Popi chini. Baba alicheka mpaka akavua miwani. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaangalia mara tatu, akasema, "Hata darasani kwangu wapo wasioelewa haraka hivi." Kwa mama yangu hiyo ilikuwa tuzo.

Mtihani wenyewe ulikuwa Mama Zuhura. Ijumaa iliyofuata alikuja hadi getini, amejibana nyuma, nguo ameikusanya mkononi. Popi akamwona, akachomoka. Nikapiga goti: "Shikamoo Mama Zuhura!" Popi akafunga breki hatua mbili mbele yake, akakaa, ulimi nje.

"Marahaba mwanangu," akasema Mama Zuhura, halafu akaangua kicheko. "Wallahi huyu ana adabu kuliko vijana wa mtaa huu." Tangu siku hiyo alikuwa akimtupia vichwa vya dagaa juu ya ukuta.

Nilikuwa nimeshinda. Nililala ule usingizi wa mtu aliyeshinda kwa muda wa wiki mbili hivi.

Siku yenyewe mimi na mama tulikuwa shuleni, baba ameacha baiskeli nyumbani na kwenda kazini na gari la mwenzake. Saa nne hivi asubuhi wakaja vijana wawili, wasafi, mashati yamechomekewa. Mama Zuhura alikuwa kwake anaanua nguo. "Shikamoo mama," wakamwambia juu ya ukuta. "Marahaba wanangu," akaitika. Wakasema wametumwa na mzee wa hapa kuchukua baiskeli ikatengenezwe. Mama Zuhura akawaambia geti halijafungwa na kufuli, wasukume tu. Wakasukuma. Wakachukua baiskeli. Wakachukua na kuku wanne na jogoo, wakaaga vizuri, wakaondoka. Na Popi, kwa maelezo ya Mama Zuhura mwenyewe huku akilia, alikuwa amekaa muda wote pale getini akisubiri ukoko.

Baba alikaa kwenye ngazi ya mlango, akamtazama Popi.

"Mbwa gani huyu," akasema, "mwizi akimwamkia anakaa?"

"Baba, hata Mama Zuhura walimwamkia, akawaambia wasukume geti! Mbona yeye hapelekwi Mvumi?"

Kofi la mama lilinipata kabla sijafunga mdomo. Lakini mpaka leo naliona lilikuwa swali zuri.

Alipelekwa Jumamosi, kwenye pikapu ya rafiki yake baba, ndani ya kikapu cha kubebea kuku. Kikapu cha kuku, jamani, na kuku wenyewe ndio hao wameibiwa. Nilimchukia baba siku ile. Nasema wazi, nilimchukia. Nilikuwa nimefanya kila walichoniambia. Walisema afundishwe kukaa, nikamfundisha, akakaa. Nilijifungia chooni nikakataa kutoka mpaka Mama Zuhura alipokuja kunibembeleza na sambusa, na hata hiyo sambusa niliila kwa hasira.

Miezi minne nilikaa bila Popi. Ukoko niliendelea kukwangua, nikauanika na kuutia kwenye kopo la maziwa ya unga, na mama aliacha kuniuliza. Shule zilipofunga Desemba, baba akauongeza ukuta ukapanda, akaweka geti la chuma lenye komeo. Jioni moja akaniita, sauti yake imepoa.

"Utakwenda Mvumi wiki mbili ukamsaidie shangazi yako. Geti la chuma tunalo sasa. Nikija kukuchukua, ukitaka, tutarudi naye."

Nilikwenda kutafuta kamba.

Kwa babu palikuwa kando ya njia wanayopita watoto wa shule na watu waendao hospitali. Baba alibaki kwenye gari anateremsha mfuko wa sukari na unga, mimi nikatangulia mbio na kopo langu. Babu alikuwa barazani kwake, amekaa kwenye kigoda, tezo mkononi, vibanzi vya mbao vimemjaa magotini. Pembeni yake palikuwa na mbwa. Mkubwa, mbavu nje, sikio moja limechanika. Nilimtambua kwa lile vumbi lake tu. "Popi," nikaita. Akasimama, manyoya ya mgongo yakamsimama, akanguruma.

Hakunijua. Miezi minne tu. Sikujua nifanye nini, kwa hiyo nikafanya kile mwili ulichozoea kufanya mbele ya mtu mzima. Nikapiga goti. Kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri nikasema, "Shikamoo babu."

Popi akakaa.

Babu hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama mpini. Jicho lake likaenda kwa mbwa, mara moja, na kabla hajainua uso akasema kwa sauti kubwa, "Marahaba!" Kisha ndipo akageuka, akaniona, akatupa tezo. "Aa! Kumbe ni mke wangu amekuja! Umekua hivi, mke wangu, na mahari yako sijamaliza kulipa?"

Ilikuwa marahaba yangu ya kwanza kwake tangu nizaliwe. Nilibaki nimepiga goti, nimeduwaa. Popi alinyoosha shingo akalinusa kopo, akalinusa tena, akaanza kulia kile kilio chembamba cha utoto wake, halafu akaniangusha chini kabisa mimi na kopo na ukoko wote.

Shangazi, dada yake baba aliyekuwa akiishi na babu, ndiye aliyenieleza, jioni tukichambua mlenda. Alinieleza kama mtu anayesema mvua haijanyesha.

"Babu yako hasikii, mwanangu. Miaka sasa. Hukujua?"

"Hasikii vipi?"

"Hasikii. Mpaka umpigie kelele. Na ukimwambia hasikii anakasirika, anasema watu wa siku hizi wanaongea wamefumba midomo."

Basi baba hakuwa akimfokea. Nilisimamisha mkono kwenye mlenda. Shangazi akaendelea. Wazee wenzake hawakuwa na shida, walikuja wakampa mkono, wakasema salamu zao za Kigogo, mbukwenyi, uso kwa uso. Shida ilikuwa wapita njia. Watoto wa shule na wanafunzi wa uuguzi walipita wanaamkia, "Shikamoo babu," yeye ameinamia mbao. Haitiki. Wakasema mzee yule ana kiburi. Wengine wakasema ana zaidi ya kiburi. Mwishoni wakawa wanapita upande wa pili wa njia, na babu naye akawa anamuuliza shangazi ni kitu gani amewakosea watoto wa watu.

"Ndipo kaka akaleta huyu mbwa wenu asiyefaa," akasema shangazi. "Wiki ya kwanza nilitaka kumfukuza. Halafu nikamwona babu yako anamwangalia. Mtoto akiamkia, mbwa anakaa. Babu akiona mbwa amekaa, anaitika. Hakuambiwa na mtu. Mzee yule ana akili zake."

Asubuhi yake niliona kwa macho yangu. Watoto wa chekechea walikuwa bado hawajafunga, na walikuja kwa makundi. "Shikamoo babuuu!" Popi chini. "Marahaba!" Kundi jingine. "Shikamoo babuuu!" Popi chini. "Marahaba! Marahaba wajukuu!" Wengine walikuwa wameshapita wanarudi kuamkia mara ya pili, wanacheka, na mmoja alimwachia Popi kipande cha kiazi. Babu alikuwa ameketi amenyooka kama bwana harusi. Sikuwahi kumwona anacheka kabla ya hapo, na ana pengo, kumbe.

Ningekuwa mtoto wa kwenye hadithi ningeamua pale pale. Sikuamua. Nilikuwa na kamba yangu chini ya godoro na nilikuwa namtaka mbwa wangu. Wiki nzima nilicheza naye, nikamlisha, alikuwa akilala miguuni pangu, nikajiambia babu ameshazoea bila mbwa miaka yote hiyo, na babu ni mtu mzima, atajua la kufanya.

Siku mbili kabla ya baba kuja, Popi alimfuata shangazi kutafuta kuni. Nilikuwa mlangoni naosha vyombo. Wakaja watoto watatu. "Shikamoo babuuu!" Babu anachonga. "Shikamoo babu!" Anachonga. Wakatafuta mbwa kwa macho, hayupo, wakatazamana wakaenda zao. Babu aliendelea na tezo lake. Baada ya muda akainua uso, akaiona migongo yao imeshafika mbali, akatazama pale chini pembeni ya kigoda ambapo mbwa hakukaa siku hiyo. Alikusanya tezo lake na mpini, akaingia ndani, akarudishia mlango, na ilikuwa saa mbili asubuhi.

Baba alikuja Jumapili mchana. Alikuta begi langu barazani na kamba imelala juu yake.

"Yuko wapi mwenzako? Mlete tumpakie."

"Tumwache," nikasema.

"Si ndiye uliyemlilia miezi yote? Ukanikasirikia mimi?"

"Ndiye."

"Sasa?"

"Tukimchukua, babu ataitikaje?"

Baba akageuka, akaenda kukagua tairi za pikapu, zote nne, moja baada ya nyingine, na tairi hazikuwa na tatizo lolote. Nilimkabidhi babu kopo. Nilimpigia kelele sikioni namna ya kukwangua, kuanika, na asimpe mwingi akavimbiwa, na shangazi akacheka kwamba leo mke anamfokea mume. Halafu nikapanda gari, nikalia kutoka Mvumi mpaka Makole. Sitaki mtu afikiri nililia kwa wema. Nililia kwa sababu nilimtaka mbwa wangu na nilikuwa nimemwacha mwenyewe.

Popi aliishi na babu miaka mingi. Alipokufa, babu alimchongea sanduku, kitu ambacho majirani walikisema mpaka wakachoka. Babu mwenyewe alifuata mwaka ule ule.

Sasa nirudi kwenye ukoko wangu. Baba amestaafu, amejenga Msalato, anaishi huko na mama. Ndege zikipita juu ya nyumba mimi naziba masikio. Yeye anafunua ukurasa wa gazeti. Ukimgusia habari ya kifaa cha kusikilizia anawaka: "Mimi nasikia, ninyi ndio mnanong'ona." Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi kutoka kwake, binti yangu wa miaka minane akaniuliza, "Mama, hivi babu ananichukia? Namwamkia haitiki. Na wewe mbona unamfokea?" Nilisimamisha gari kando ya barabara.

Mbwa tumempata kwa jirani yake mmoja, ana rangi mbili na hana akili hata moja. Kila Jumamosi mimi na binti yangu tunakwenda Msalato na kopo letu: mkono kiunoni, goti chini, shikamoo, ukoko. Siku ya kwanza baba aliuliza mbwa wa nini na kuku hana. Nikamwonyesha kopo. Akalichukua, akatazama ndani, akanusa. Akavua miwani akaifuta na shati, akanirudishia kopo, na suala la mbwa halikuulizwa tena.

Jumamosi iliyopita tulikuwa barazani wote, jua linawaka, masomo bado hayajaanza. Baba amejifunika gazeti. Yule mbwa alikuwa amekimbizana na mijusi mpaka amechoka. Akaja, akahema, akakaa chini mwenyewe karibu na kiti. Hakuna mtu aliyekuwa amesema chochote. Gazeti likashuka kidogo, baba akamtazama mbwa.

"Marahaba!" akasema, kwa sauti kubwa na furaha, akainua uso kutafuta ni nani.

Binti yangu akataka kucheka. Nikamfinya. Nikasogea mbele ya baba anione vizuri, nikapiga goti mpaka chini, nikamwambia, "Shikamoo baba."